Kigoma Inapotazamwa Kutoka Angani

Mwezi Februari 1858 Richard Burton na John Speke waliingia Ujiji wakiwa wagonjwa, mmoja hawezi kutembea na mwingine karibu haoni. Walikuja kutafuta chanzo cha Nile, na swali lao kubwa lilihusu mto Rusizi ulioko kaskazini ya ziwa: je, unatoka ziwani au unaingia? Walikodi mitumbwi, wakapigiwa makasia hadi Uvira, na huko wenyeji wakawajibu bila kusita kwamba mto unaingia. Burton aliliandika jibu hilo. Hata hivyo, mabingwa wa jiografia wa London waliendelea kubishana kwa miaka 13, hadi mwishoni mwa 1871, Livingstone na Stanley walipoondoka Ujiji kwa mtumbwi, wakafika mlangoni mwa Rusizi na kuyaona maji yakiingia. Ndipo jambo likawa “limegunduliwa.”

Nimelitanguliza tukio hili kwa sababu siku hizi kila warsha ya mazingira mkoani Kigoma haikosi picha ya setilaiti ukutani, na kila mradi unaahidi “takwimu za angani.” Sina ugomvi na picha hizo. Nitaeleza hapa chini kwamba zimefanya kazi ambayo hakuna chombo kingine kingeweza kuifanya. Lakini Kigoma ina historia ndefu ya kutazamwa na watu walio mbali, na katika historia hiyo mtazamaji aliye mbali ameaminiwa mara nyingi kuliko mkazi aliye karibu. Anayefanya kazi ya uhifadhi bila kuijua historia hiyo atairudia, safari hii kwa picha safi zaidi.

Chukua suala la ziwa lenyewe. Mgeni anayekwenda leo kuuona mnara wa Livingstone pale Ujiji hushangaa kuukuta mbali na maji, wakati simulizi zinazungumzia mji wa pwani na mitumbwi. Ziwa limesogea. Katika miaka ya 1870 maji yalikuwa yakipanda. Cameron alipolizunguka mwaka 1874 aliutambua mto Lukuga, upande wa Kongo, kuwa ndio mlango wa kutokea maji, na Stanley alipopita mwaka 1876 aliukuta umezibwa na mchanga na mafunjo. Miaka michache baadaye kizuizi kilizibuka, na Edward Hore, mmisionari baharia aliyeishi Ujiji tangu 1878, alikuwapo kushuhudia ziwa likishuka mwaka hadi mwaka. Lilishuka takriban mita 10 kabla ya kutulia. Kwenye ufuko wa mteremko mdogo kama wa Ujiji, mita 10 za kwenda chini ni mamia ya mita za nchi kavu mpya. Watu walilima pale na kujenga pale, na wajukuu zao wapo hadi leo.

Mambo ya nchi kavu yalikuwa mazito zaidi. Mwanzoni mwa karne ya 20 malale yaliukumba mwambao wa Tanganyika. Wajerumani waliendesha kambi za tiba na kuamuru vichaka vya kando ya ziwa vifyekwe ili mbung'o akose kivuli. Waingereza waliowafuata waliona dawa ni kuwakusanya watu. Kati ya miaka ya 1920 na 1940, katika sehemu nyingi za magharibi ya Tanganyika, Kigoma ikiwemo, familia zilizokuwa zimetawanyika ziliondolewa porini na kuwekwa kwenye makazi ya pamoja, kwa hoja kwamba penye watu wengi na jembe, kichaka hakioti na mbung'o haishi. Hoja ya kitabibu ilikuwa na nguvu yake. Matokeo yake ya kimazingira hayasemwi sana: maeneo yaliyoachwa yalirudi kuwa miombo. Makaburi, miembe na mawe ya kusagia yalimezwa na msitu, na baada ya miaka 30 afisa mgeni aliyepita pale aliona pori la asili.

Mwaka 1943 serikali ya kikoloni ikaitangaza Gombe kuwa pori la akiba. Baada ya vita kuu ya pili, ndege za upimaji zilianza kupiga picha za anga kwa ajili ya ramani za nchi nzima. Julai 1960 akafika Jane Goodall, aliyefariki Oktoba 2025, na kazi yake juu ya sokwe ikaifanya Gombe ijulikane duniani kote. Mwaka 1968 pori hilo likawa Hifadhi ya Taifa. Ni hifadhi ndogo sana, na hata ukubwa wake ulikuwa fumbo. Vitabu vingi viliandika kilomita za mraba 52, lakini ramani za kompyuta zilipopima nchi kavu zikatoa takriban 35.

Sasa tufike mwaka 1972, mwaka ambao ningependa wanafunzi wangu waukariri. Julai mwaka huo Marekani ilirusha setilaiti ya kwanza ya mfululizo wa Landsat, ya kwanza kutengenezwa mahsusi kwa ajili ya kuitazama ardhi. Mwaka huohuo mauaji ya Burundi yalisukuma makumi ya maelfu ya wakimbizi kuvuka mpaka kuja Tanzania. Na mwaka huohuo ikaanza Operesheni Kigoma, mojawapo ya operesheni za kwanza za kuwahamishia watu katika vijiji vilivyopangwa, kabla Mwalimu Nyerere hajatangaza, Novemba 1973, kwamba kuishi vijijini ni amri. Kusini, Watongwe waliokuwa wakiishi kwenye milima ya Mahale waliondolewa katika miaka hiyo ya 1970, na mwaka 1985 Mahale ikawa Hifadhi ya Taifa.

Kwa nini mwaka huo ni muhimu? Kwa sababu picha ya kwanza ya setilaiti ndiyo inayotumika kama kipimo cha mwanzo. Wataalamu wanapotuambia msitu umepungua, huwa wanalinganisha na hali ya 1972. Lakini Kigoma ya 1972 ilikuwa nusu ya safari. Watu walikuwa wanatolewa mlimani kwenda barabarani na ufukoni, wakimbizi walikuwa wanaingia, na sehemu ya ule msitu mzuri uliopigwa picha ilikuwa mashamba ya babu za watu walioondolewa kwa ajili ya malale. Kipimo kile cha mwanzo kilishika katikati ya hadithi, na sisi tunakisoma kana kwamba ni ukurasa wa kwanza.

Hilo halimaanishi kwamba upotevu wa misitu ni wa kufikirika. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Goodall aliruka kwa ndege ndogo juu ya Gombe na kushtuka kuona hifadhi imebaki kisiwa cha kijani kilichozungukwa na vilima vilivyokwanguliwa. Mwaka 1994 taasisi inayobeba jina lake ilianzisha mradi wa TACARE, ulioongozwa kwa miaka mingi na Mtanzania Emmanuel Mtiti. Hapo mwanzo ulikuwa mradi wa vitalu vya miti. Wanavijiji walipoulizwa shida zao walitaja maji, afya, shule na mapato, na mradi ukabidi ubadilike uwafuate.

Karibu na mwaka 2000 akaja mtaalamu kijana kutoka Moldova, Lilian Pintea, aliyelinganisha picha za Landsat za 1972 na 1999. Ukiziweka bega kwa bega huhitaji kufundishwa. Ndani ya mpaka wa hifadhi uoto upo, nje yake umekwisha, na mstari kati ya viwili hivyo umenyooka kama umekatwa kwa wembe. Kwa miaka 40 utafiti wa Gombe ulikuwa umeelekeza macho kwa sokwe ndani ya mabonde yao. Picha hizi ndizo zilizolazimisha watu kukubali kwamba hatima ya sokwe ilikuwa inaamuliwa Mwamgongo, Mtanga, Kigalye na Kalinzi, yaani mahali ambapo hapakuwa na mtafiti wa sokwe hata mmoja.

Inafaa tueleze kidogo namna chombo hiki kinavyoona, maana maafisa wetu wengi hupokea ramani iliyokamilika bila kujua ilivyopikwa. Setilaiti hupima mwanga unaoakisiwa na ardhi, pamoja na miale ya infraredi ambayo jicho la mtu haliioni. Jani lenye afya huakisi sana miale hiyo, na ndiyo maana msitu huonekana mwekundu kwenye picha za kitaalamu. Landsat ya kwanza ilikuwa na vipande vya picha vya takriban mita 80 kila upande. Kipande kimoja ni zaidi ya ekari moja na nusu. Shamba la mihogo la familia, nyumba, migomba na njia ya kwenda kisimani, vyote vilikuwa rangi moja. Landsat za tangu 1982 zilishuka hadi mita 30, Sentinel-2 ya Ulaya iliyoanza 2015 inafikia mita 10, na picha za kibiashara zilizotumika Gombe katikati ya miaka ya 2000 zilikuwa chini ya mita moja. Hapo unahesabu mapaa ya nyumba.

Mwenye macho haambiwi tazama, lakini jicho hili linahitaji kuambiwa karibu kila kitu. Wakati wa masika mawingu hulifunika ziwa na milima, kwa hiyo picha nyingi nzuri ni za kiangazi. Kiangazi miombo hupukutisha majani na moto hupita chini yake, na msitu hai unaweza kuonekana kama ardhi iliyoharibiwa. Kivuli cha mteremko mkali wa magharibi hudanganya. Na Kigoma, kuliko mkoa mwingine wowote, kuna mchikichi. Shamba la michikichi lililokomaa, kwa picha isiyo kali, linaweza kusomeka kama msitu, nalo kumbe ni mawese ya mtu, ada ya shule na sabuni ya nyumba. Huwezi kuliondoa kosa hilo kwa kompyuta yenye nguvu zaidi. Unaliondoa kwa kumpata mtu anayepita pale kila siku.

Hapa ndipo sifa halisi ya kazi ya Gombe ilipo, na mimi naiweka juu ya utaalamu wa picha. Zile picha kali zilichapishwa kwenye karatasi kubwa zikapelekwa vijijini. Watu ambao hawajawahi kusoma ramani ya mistari walizielewa mara moja, kwa kuwa waliiona njia, mto, shule, shamba la jirani. Wakaanza kutaja majina: chemchemi hii inaitwa hivi, hapa panafanyiwa tambiko, huku mlipoandika msitu ni shamba la fulani lililopumzishwa. Picha ikageuka kuwa mahali pa kubishania, na mabishano hayo ndiyo yaliyozaa mipango ya matumizi ya ardhi ya vijiji. Kufikia mwaka 2009 vijiji zaidi ya 10 vinavyoizunguka Gombe vilikuwa vimekamilisha mipango na kutenga zaidi ya hekta 9,000 kuwa hifadhi za misitu za vijiji, nyingi zikielekea kuungana ili sokwe wapate njia. Vijana waliochaguliwa na vijiji vyao walipewa simu janja za kurekodi mitego, miti iliyokatwa na viota. Picha za miaka iliyofuata zilionyesha miti ikirudi katika msitu wa Kigalye. Kukata miti huonekana angani kwa siku moja, ilhali kuota huchukua miaka, na bila kumbukumbu ndefu ya picha kazi ya wanakijiji wale isingekuwa na ushahidi.

Mtumishi wa umma anayesoma makala haya anajua kwamba picha haina nguvu ya sheria. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, ardhi ya kijiji inasimamiwa na Halmashauri ya Kijiji, na uamuzi wa kuitenga ni wa Mkutano Mkuu wa Kijiji. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Na. 6 ya 2007 na Sheria ya Misitu Na. 14 ya 2002 zinakamilisha utaratibu. Kwa maandishi, tuna mojawapo ya mifumo inayompa mwanakijiji sauti kubwa katika Afrika.

Lakini ipo nyufa, na inapita katikati ya mada yetu. Sheria nyingine ya mwaka uleule, Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, inapofafanua ardhi ya jumla inajumuisha ndani yake ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Nani anaamua kwamba ardhi haitumiki? Zamani afisa alilazimika angalau kufika. Leo anaweza kufungua kompyuta na kuona eneo pana lisilo paa wala tuta. Eneo hilo laweza kuwa shamba lililopumzishwa miaka mitano, malisho ya kiangazi, mahali pa mizinga ya nyuki au akiba ya wajukuu. Kutoka kilomita 700 juu, mapumziko ya shamba na utupu vina rangi moja. Kwa mkoa uliokuwa na watu zaidi ya milioni 2.1 katika sensa ya 2012 na karibu milioni 2.5 katika sensa ya 2022, “eneo tupu” ni neno la kuogopwa.

Msitu wa Masito, kusini ya Malagarasi, ulitupa somo la awali. Norway ilipoahidi mwaka 2008 kuisaidia Tanzania katika mpango wa kulipia kaboni ya misitu, eneo la Masito na Ugalla lilichaguliwa kuwa mojawapo ya maeneo ya majaribio. Setilaiti ilisaidia kukadiria kaboni, na wanavijiji walifundishwa kupima miti. Kilichokwama ni umiliki. Sehemu kubwa ya msitu ule ilihesabiwa kuwa ardhi ya jumla, nje ya mipaka ya vijiji vilivyoutunza. Tani za hewa ukaa zilikuwa na hesabu kabla msitu haujawa na mwenyewe anayetambulika.

Turudi ziwani, ambako suala hili sasa linagusa milango ya nyumba. Tangu 1992, setilaiti zenye rada zimekuwa zikipima kimo cha maziwa makubwa kwa kutuma wimbi na kuhesabu muda wa kurudi kwake, kazi ambayo Hore aliifanya kwa kuweka alama ufukoni. Vipimo hivyo vimeonyesha kupanda kwa Tanganyika kuanzia 2020, maji yaliyoingia Bujumbura, Uvira na Kalemie na kumeza fukwe upande wetu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Ukingo upi? Wa 2019, wa 2024, au ule alioukuta Livingstone? Ziwa hili halijawahi kukubali mstari wa kudumu, na anayemwambia mvuvi wa Katonga au Kibirizi kwamba amejenga ndani ya hifadhi ya ziwa anapaswa kwanza kusema ni ziwa la mwaka gani.

Hata dagaa na migebuka wameingia katika macho ya angani. Setilaiti hupima joto la uso wa maji na ukijani wa mimea midogo inayolisha dagaa. Tangu 2003 watafiti wameandika kwamba ziwa linapopata joto juu, maji ya chini yenye rutuba huchanganyika kidogo na ya juu, na chakula cha samaki hupungua. Serikali ilipofunga uvuvi kwa miezi mitatu, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, wavuvi wengi walisikia wakiambiwa kwamba samaki wamepungua kwa uvuvi uliopitiliza. Uvuvi uliopitiliza upo, wenyewe wanaujua. Ila hawakuambiwa kwa uzito uleule habari ya joto, ambayo chanzo chake hakiko kwenye nyavu zao. Data ileile inaweza kugawa lawama kwa haki au kuielekeza yote kwa asiye na msemaji.

Picha za Landsat ziliwahi kuuzwa kwa mamia ya dola kila moja. Tangu 2008 ni bure, zote, hadi ile ya 1972. Halmashauri ya wilaya yenye intaneti na kijana mmoja aliyesomea ramani inaweza kuzipata leo mchana. Hivyo kisingizio cha gharama kimepungua, na swali la bajeti limebaki kwenye mafuta ya boti na posho za kuitisha mkutano wa kijiji Mwamgongo, kuliko kwenye picha. Mipango ile ya ardhi ya 2009 ilifanywa kwa idadi ya watu ya wakati ule, kwa fedha za wafadhili. Sijui kijiji kinachoweza kuishi kwa makadirio hayo bila kuyafungua upya, na kuyafungua ni jukumu la serikali yetu wenyewe.

Wanafunzi wanaoniomba mada ya tasnifu, mada hii hapa. Pakueni picha ya 1972, ichapisheni kubwa, nendeni nayo Kalinzi, Mtanga au vijiji vya Watongwe huko Uvinza. Muulizeni mzee aonyeshe kaya yao ilikuwa wapi kabla ya operesheni, nani alizikwa pale, walilima nini, na msitu wa leo ulianza kuota mwaka gani. Wekeni nukta. Aliyekuwa na miaka 20 wakati picha ile inapigwa sasa amevuka 70, na Landsat haikupiga picha ya anayoyakumbuka.